Mtaro, Feri na Karatasi ya Buluu

Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, mpigakura wa Mombasa aliyefika mbele ya karani alikabidhiwa karatasi tano badala ya sita. Nyeupe ya rais ilikuwapo, ya manjano ya seneta, ya zambarau ya mwakilishi wa wanawake, ya kijani ya mbunge, na ile iliyopauka rangi kama mchanga ya mwakilishi wadi. Ya buluu, ya gavana, haikuwapo. Siku moja kabla, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikuwa imetangaza kwamba karatasi za ugavana za Mombasa na Kakamega, zilizochapishwa Ugiriki pamoja na nyingine zote, zilifika zikiwa na makosa katika picha na maelezo ya wagombea, na kwa hiyo uchaguzi wa kiti hicho ungesubiri. Ulisubiri kwanza mpaka tarehe 23, ukaahirishwa tena, na mwisho ukafanyika Jumatatu tarehe 29.

Siku hiyo ya pili nilifika kituoni mwendo wa saa nne asubuhi, nikiwa nimejitayarisha kwa foleni na kipande cha mkate mfukoni. Sikukuta foleni. Makarani wawili walikuwa katika mazungumzo yao, wa tatu anajipepea kwa kipande cha boksi, na mawakala wa wagombea wameegemea ukuta kama wanaosubiri maiti itoke hospitali. Kwa muda usiozidi dakika tano nilikuwa nimeshatiwa wino kidoleni na kutoka nje. Hatua thelathini kutoka langoni palikuwa na maskani ya vijana kama kumi, wanacheza keram na kunywa kahawa. Mmoja akaniuliza, "Mzee, ushapiga?" Nikamjibu nimeshapiga, nikamuuliza na wao je. Akasema bila kuinua macho kwenye ubao, "Sisi tulipiga ile ya kwanza. Hii ni yao wenyewe."

Hesabu ilipotoka ilimthibitisha kijana huyo kuliko nilivyopenda. Mombasa ilikuwa na wapigakura 641,913 walioandikishwa. Abdulswamad Shariff Nassir alishinda kwa kura 119,083, na Hassan Omar aliyemfuatia akapata 98,108. Ukizijumlisha kura za wawili hao unapata 217,191, ambazo ni kidogo tu kupita theluthi ya daftari, na hata ukiwaongeza wagombea wengine wote hukaribii nusu. Kwa maneno mengine, gavana wa mji wa pili kwa ukubwa nchini, ambao sensa ya 2019 iliuhesabia watu 1,208,333, aliwekwa kitini na wapigakura wasiofika mmoja katika kila watano. Sisemi haya kumpunguzia mshindi uhalali, kwa kuwa Katiba inataka tu apate kura nyingi kuliko wenzake, na alizipata. Wala si kosa la uchapishaji pekee lililoleta hali hiyo, kwa sababu hata tarehe 9 yenyewe, karatasi ya rais ikiwa mkononi, waliojitokeza Mombasa walikuwa takriban asilimia 44, ilhali nchi nzima ilikuwa karibu asilimia 65.

Kila baada ya uchaguzi jambo hili huelezwa kwa neno moja, uvivu, na neno hilo hutamkwa hata na Wapwani wenyewe kwa mzaha ambao umeshazoeleka mno kuchekesha. Mimi silikubali. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri Mtongwe ili awahi kibarua Shimanzi si mvivu wa kusimama nusu saa katika uwanja wa shule. Asiyepiga kura Mombasa mara nyingi amepima, akaona kwamba baina ya karatasi ile na maisha yake hakuna kamba iliyofungwa, na akaamua kutumia siku yake kwa jambo jingine. Hukumu hiyo naiona kuwa na makosa, lakini ni hukumu yenye historia, na asiyeijua historia hiyo atabaki kuwahubiria watu wasiomsikiliza.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo ambaye nitamrudia baadaye, mara ya mwisho kushiriki uchaguzi ilikuwa mwaka 1988, wakati wa mlolongo. Vijana wa leo hulisikia neno hilo kama hadithi, kwa hiyo nilieleze: katika mchujo wa wagombea wa KANU, chama pekee cha siasa wakati ule, hapakuwa na karatasi wala sanduku, watu walijipanga mchana kweupe nyuma ya mgombea au wakala wake wakahesabiwa, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 hakuhitaji hata kurudi kwenye kura ya siri. Jirani yangu alisimama katika safu ndefu, akashuhudia ikitangazwa kwamba safu fupi ndiyo iliyoshinda, akarudi nyumbani kupika. "Macho yangu haya, mwanangu," huniambia, "hayakuhitaji miwani wakati ule." Tangu siku hiyo amelea watoto watano na kuona marais wanne bila kumpigia kura hata mmoja.

Wengine wana sababu nzito zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika machafuko yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakayahama makazi yao, uchaguzi ukiwa miezi minne tu mbele. Familia zilizolala kanisani na kwenye viwanja siku zile zimewarithisha watoto wao tabia moja: mwezi wa uchaguzi ukikaribia, mabasi ya bara hujaa. Halafu likaja vuguvugu la "Pwani si Kenya", ambalo kabla ya uchaguzi wa 2013 liliwataka watu wasusie kura kabisa, likijenga hoja yake juu ya dhuluma ya ardhi ambayo hakuna mtu mzima wa huku asiyeijua. Kususia hakukurudisha hata eka moja, lakini fikra kwamba kukaa nyumbani ni aina ya msimamo ilibaki vichwani muda mrefu baada ya vuguvugu lenyewe kunyamaza.

Na kuna jambo la nne, ambalo naliona zito kuliko hayo matatu kwa sababu linatokea kila siku. Mkaazi wa Mombasa hajui kwa hakika anamchagua nani kufanya nini. Chukua feri. Anayeishi Likoni na kufanya kazi kisiwani hukivuka kivuko kile mara mbili kwa siku, na feri ikikwama katikati ya maji yeye ndiye anayekatwa mshahara. Msiba wa feri ya Mtongwe wa tarehe 29 Aprili 1994, uliochukua roho 272, haujawatoka watu, na kila feri inapoinama kidogo wapo wanaovua viatu. Sasa mtu huyu amwendee nani? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linalogawa kazi baina ya serikali mbili, linazitaja feri na bandari katika orodha ya kaunti, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kimataifa na wa kitaifa. Ukisoma hapo utasema gavana ndiye mwenyewe. Lakini feri za Likoni ziko mikononi mwa shirika la serikali kuu, na siku hizi ziko chini ya Mamlaka ya Bandari. Ukimuuliza mwakilishi wadi, atakwambia kweli yake kwamba hana sauti. Ukimuuliza mbunge, ataahidi kuuliza swali Nairobi. Na mgombea ugavana anapopanda jukwaani Likoni huahidi feri mpya kana kwamba anazo uani kwake. Mpigakura aliyewaendea watu watatu wasioweza kuileta feri, akaingojea miaka mitano, hana kosa kubwa akikataa kuwasikiliza tena.

Bandari ni hivyohivyo. Mwaka 2019, ilipotolewa amri kwamba makontena ya kwenda bara yabebwe na reli mpya, wenye malori, makuli, wauza chakula wa njiani na vibarua wa maghala waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, na hatimaye, Novemba 2020, Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kwamba amri ile ilikiuka Katiba. Uamuzi uliogusa mifuko ya watu wengi kuliko wowote katika muongo ule haukuwa na uhusiano na karatasi yoyote waliyoitia sandukuni. Ukatoka juu, ukapingwa barabarani na kortini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaotuhubiria kila mwaka wa tano. Wao husema: piga kura kwanza, kisha fuatilia. Mpangilio huo unapendeza kwenye mabango, lakini kwa niliyoyaona katika mitaa yetu mambo huenda kinyume. Anayekwenda kupiga kura kwa moyo ni yule ambaye tayari alikuwa anafuatilia kitu: taa ya barabara, dawa za zahanati, chumba cha chekechea, mtaro. Ana jina la mtu anayetaka aondoke na jina la mtu anayetaka abaki, na ana sababu anayoweza kuieleza kwa sentensi moja. Asiyefuatilia kitu chochote hupelekwa kituoni na kabila, na chama, au na shilingi mia mbili, na vikikosekana hivyo hubaki kwenye keram.

Mfano wa kufuatilia hatuna haja ya kuuazima mbali. Owino Uhuru ni kijiji cha mabanda katika eneo la Jomvu, kilichopakana na kiwanda kilichoyeyusha betri za gari ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu yake yalitia sumu damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, alianza kuwakusanya wakaazi, wakaandamana, wakakamatwa, wakaandika barua, wakapimwa damu, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Kesi yao ikaendelea: Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Katika miaka hiyo yote zimepita chaguzi kadhaa, na hakuna mgombea aliyewaletea haki yao ndani ya mfuko wa kampeni. Walioileta ni wapangaji wa vyumba vya mabati waliokataa kuacha kuuliza. Na Wamakonde wa Kwale, ambao Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho baada ya vizazi kadhaa vya kuitwa wageni, mwaka uliofuata walisimama foleni wakapiga kura. Wao kwao kura ilikuwa kitu kilichotafutwa kwa malengelenge ya nyayo, na sijasikia mtu akiwaita wavivu.

Sasa niseme ya kwetu, ambayo ni madogo mno mbele ya hayo, lakini nayajua kwa karibu.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaipa serikali ya kaunti kalenda ambayo wakaazi wachache huijua kama wanavyoijua kalenda ya ligi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba; waraka wa mikakati ya fedha, unaosema kila sekta itapata kiasi gani, kufikia tarehe 28 Februari; makadirio yenyewe ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili; na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Baina ya tarehe hizo umma lazima usikilizwe, kwa sababu Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha Bunge la Kaunti kuwashirikisha watu na Kifungu cha 201 kinauweka ushirikishwaji huo miongoni mwa kanuni za fedha za umma. Kwa hiyo swali la mtaro gani utajengwa hujibiwa takriban mwezi Aprili, kila mwaka, mara tano katika muhula mmoja. Atakayekuja kulalamika Julai amechelewa, na anayengoja Agosti ya mwaka wa uchaguzi amechelewa mara tano.

Aprili moja, miaka michache iliyopita, nilihudhuria mkutano wa aina hiyo katika ukumbi wa jamii. Tulikuwa watu kama arubaini kwenye viti vya plastiki, na nusu yetu tulifika kwa sababu tulisikia kutakuwa na soda na nauli. Kitabu cha makadirio kilikuwa kinene kama Kurani ya meza, kwa Kiingereza kitupu, nacho kilikuwa nakala mbili kwa ukumbi mzima. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaja lugha hii ninayoandika kuwa ya taifa na pia kuwa lugha rasmi, kwa hiyo mzee mmoja aliposimama akauliza nakala ya Kiswahili iko wapi hakuwa akifanya ukaidi. Alikuwa akidai sheria. Afisa akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Robo saa nzima ikaliwa na hotuba za wageni wa heshima, na robo nyingine na ugomvi wa nauli. Lakini kijana mmoja fundi wa simu alifanya jambo ambalo sisi wazee hatukulifikiria: alikaa na kile kitabu pembeni, akakipiga picha kurasa zote za wadi yetu. Usiku ule tukaketi barazani tukizisoma kwenye simu, yeye akitufasiria. Tukaukuta mstari wenye jina la kichochoro chetu, na mbele yake, "ukarabati wa mtaro wa maji ya mvua". Fedha zilikuwa zimewekwa.

Mwaka wa fedha ukaanza, ukapita, na mtaro haukuonekana. Mvua za masika zikaja na maji yakaingia vyumbani kama kawaida yake. Hapo tukaandika barua. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inaitaka ofisi husika ijibu ndani ya siku 21. Tuliiandika kwa Kiswahili, nusu ukurasa tu: mradi ulipewa nani, ulilipwa kiasi gani, na uko wapi. Kazi kubwa ilikuwa muhuri. Katika ofisi ile ya umma karani alikataa kuipiga nakala yetu muhuri mpaka mkubwa wake arudi, na mkubwa wake alikuwa kila siku ametoka sasa hivi tu. Tulikwenda mara tatu, watu watatu kila mara, na katika safari ya tatu yule mama jirani yangu alijitolea kutufuata, akaketi kwenye benchi la mapokezi na kufungua bakuli lake la mahamri, akasema hana haraka. Tulipigiwa muhuri kabla hajamaliza la pili.

Jibu lilikuja wiki ya saba, kwa hiyo zile siku 21 zilikuwa zimekwisha zamani, likasema mradi umekamilika. Tukaenda kuutafuta mtaro wetu uliokamilika, na tukaukuta kweli: mzuri, una mifuniko ya saruji, lakini uko katika kichochoro kingine chenye jina linalokaribiana na letu, upande wa pili wa barabara kuu. Mpaka leo sijui kama lilikuwa kosa la kusoma ramani au la kusoma kitu kingine. Tuliandika tena, tukaambatanisha picha, tukampelekea na mwakilishi wadi nakala. Kwa haki yake niseme kwamba yeye, baada ya kuona majina na sahihi 63 chini ya barua, alikuja mwenyewe siku ya pili akiwa na viatu vyake vya kazi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halitanifurahishia jirani zangu. Kabla ya barua ile, mwakilishi huyo alikuwa akitujua kwa maombi ya aina nyingine kabisa. Tulimwendea kwa mchango wa arusi, kwa sanda, kwa karo, kwa jezi za timu, kwa kutoa kijana rumande. Asiyetoa tulimwita mchoyo, na anayetoa tulimwita mtu wa watu, bila kumuuliza hata mara moja kama alikuwamo bungeni siku makadirio yalipojadiliwa. Kazi yake kisheria ni kuwawakilisha watu, kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti isile fedha. Mshahara wake hauna fungu la sanda. Mtu anayetakiwa atoe kila siku kile ambacho hana lazima atakipata mahali, na mahali penyewe ni papo hapo kwenye mtaro. Tunapomsifu mwanasiasa kwa mkono wazi tunakuwa tumemwandikia hati ya kuiba, kisha tunashangaa saruji ikipungua. Shilingi mia mbili za mkesha wa uchaguzi ni tawi dogo la mti huo, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humtia hatiani mpokeaji sawa na mtoaji, ingawa sijamwona mtu wa mtaani kwetu anayeiogopa.

Na la pili ni kwamba mtaro, hata ule wa zamani, tulikuwa tukiuziba wenyewe. Siku mafundi walipoanza kuuchimba walitoa nepi, chupa za soda, nguo, godoro la mtoto, na viatu vya kutosha kufungulia duka Kongowea. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi, haki ambayo watu wa Owino Uhuru waliisimamia mpaka mwisho, na Kifungu cha 69 kinamwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuyahifadhi. Mwenye kutupa nepi mtaroni saa mbili usiku akakodolea macho serikali asubuhi ana nusu ya Katiba mkononi na nusu nyingine ameikalia.

Vijana, ambao huzungumzwa sana kama tatizo la kura, walituonyesha mwaka 2024 namna ya kusoma. Mswada wa fedha wa mwaka ule ulipotoka na pendekezo la kodi ya asilimia 16 juu ya mkate, na nyingine ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu. Kodi hizo mbili ziliondolewa kabla ya mswada kufika kwenye kura ya mwisho, na mswada mzima ukarudishwa na rais tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na vijana kuuawa. Gharama hiyo ya damu haikupaswa kulipwa, na wapo mama ambao bado wanailipa. Ninachokisubiri kuona ni kama ujuzi ule wa kusoma utashuka kutoka mswada wa taifa mpaka makadirio ya wadi, ambako hakuna kamera wala umati, na ambako fundi wetu wa simu alikuwa peke yake pembeni ya ukumbi. Kuandikishwa kupiga kura kwao ni hatua fupi kutoka hapo. Kisheria uandikishaji ni wa mfululizo, na asiyekuwamo daftarini hana haja ya kungoja kampeni za magari yenye vipaza sauti.

Mtaro wetu ulianza kujengwa mwezi wa Mei, ukaenda kwa kasi nzuri wiki tano, kisha tarehe 30 Juni ikafika, mwaka wa fedha ukafungwa, na mafundi wakaondoka na koleo zao. Umesimama nyumba mbili kabla ya mlango wa yule mama. Maji yanayotoka juu sasa yanakuja kwa nguvu zaidi na kumwagika hasa pale kwake, na amejenga kizingiti cha matofali kuyazuia. Mwanzoni mwa mwezi huu alinisimamisha nikitoka sala ya alasiri, akaniuliza mkutano wa makadirio mwaka huu ni lini, nikamwambia Aprili. Akaniuliza uchaguzi je, nikamwambia Katiba inataka Jumanne ya pili ya Agosti, kwa hiyo utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Akanyamaza kidogo, akahesabu kitu kwa vidole, kisha akataka kujua ofisi ya tume ya kuandikisha iko wapi na mtu huenda na nini. Nikamwambia aende na kitambulisho chake, kile chenyewe, si kopi. Akasema ataniaga Jumatatu, na nisisahau kumwambia yule kijana wa simu aende naye, kwa sababu safari hii miwani anaihitaji.